Taa ya Lumbwisa Imegeuka Kijani

Kijiwe cha pale Kitai wenyewe wanakiita Bungeni, kwa sababu kila mtu anachangia na hakuna hoja inayopita. Ni mabenchi mawili ya mbao za mti wa mlingoti kwenye kibaraza cha duka la pembejeo lililofungwa tangu mwenye duka ahamie Songea, na katikati yake jiko la mkaa la Mama Mwanabibi, birika juu, vikombe ndani ya beseni la maji moto. Mkono wa kulia yanasimama mabasi ya Songea na Mbinga. Mkono wa kushoto inachepuka barabara ya ndani ya kwenda Lipembe, ambayo siku za kawaida ni vumbi, ila Ijumaa hiyo ilikuwa uji mtupu, maana mvua ilikuwa na siku ya pili bila kupumzika. Waliokuwepo walikuwa watatu tu na mwenye birika, kwa sababu wenye akili zao walikuwa ndani wamejifunika.

Wa kwanza ni Breki. Jina la ubatizo ni Edmund, aliendesha basi la Mbamba Bay miaka ishirini na sita, na wanamwita Breki kwa kuwa akianza kuongea hana. Wa pili ni Katekista, mzee Adolf wa Mapera, aliyefundisha dini nusu ya watu wazima wa tarafa, na mpaka leo akikuangalia unahisi atakuuliza swali. Wa tatu ni Praygod, kijana wa Moshi, mtumishi wa idara ya maji, mwaka wa tatu sasa yuko Mbinga. Bungeni wanamwita Injinia. Katekista peke yake anamwita mkwe, maana Praygod kamuoa Careen, binti wa Mapera, ambaye mzee huyo alimfundisha sala akiwa bado na mapengo.

Careen ni mwalimu wa sekondari ya Lipembe, ng'ambo ya mto Lumbwisa. Kila Ijumaa anatoka kazini saa nane, anapanda bodaboda, anavuka drifti, na kabla ya saa tisa unamkuta Bungeni akidai kahawa yake isiwe na majivu. Halafu anapanda basi na mumewe kwenda Mbinga mjini. Siku hiyo saa tisa na nusu ilishagonga na Careen hajaonekana.

Praygod hakuwa na wasiwasi, na sababu ya kutokuwa na wasiwasi ilikuwa taa. Drifti ya Lumbwisa ni zege lililolazwa kwenye kitanda cha mto, maji yanapita juu. Kiangazi unavuka na soksi zako. Masika inakula watu. Zamani wenyeji walikuwa na utaratibu wao: walichomeka kijiti ukingoni, na maji yakikimeza kijiti hakuna anayevuka, hata awe na mgonjwa mgongoni, mpaka kijiti kionekane tena. Mwezi wa kumi Praygod akasimamisha nguzo, juu yake taa nyekundu na taa ya kijani, chini yake kisanduku kinachopima kina cha maji na mwendo wake. Kinazidisha kina kwa mwendo, kinapata namba moja, nguvu ya maji. Namba ikipita arobaini, nyekundu. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mwenyewe akawaambia waachane na vijiti, maana kijiti hakijui maji yanakimbia kiasi gani. Walimpigia makofi, na vijiti wakaviacha kweli.

Aliyeharibu siku ni Mama Mwanabibi, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakung'uta majivu tu.

— Injinia, taa yako ina huruma. Mdogo wangu kanipigia saa nane na nusu kutoka huko mtoni. Anasema tangu asubuhi ilikuwa nyekundu, watu wamejazana ukingo wa Lipembe kama wako mnadani, mara ikageuka kijani. Wakashangilia. Halafu simu ikakatika.

Praygod akatabasamu, akasema basi maji yamepungua, hiyo ndiyo kazi yake. Breki akaweka kikombe chini taratibu.

— Yapungue yaende wapi? Mvua hii imepumzika saa ngapi?

Wakaisikiliza mvua. Ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ilibidi wainue sauti. Breki akaeleza kwamba alivuka alfajiri na pikapu yake, anatoka shambani, maji yalikuwa magotini. Mchana aliyekuja kwa kuzungukia juu, kwenye daraja la magogo, alimwambia sasa ni mapajani na yanakwenda mbio. Praygod akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo.

Sasa pale Bungeni swali likilala bila jibu zaidi ya dakika moja ni aibu ya wote. Breki akafungua. Kwa maoni yake ni vijana wa bodaboda, wamepanda nguzo wakabadilisha balbu, nyekundu inawaharibia biashara. Mama Mwanabibi akakataa, akasema nguzo ina utelezi na vijana wenyewe hawawezi kupanda hata ngazi ya kanisa. Kwa maoni yake kisanduku kimechoka. Tangu asubuhi kinawaambia watu hapana, watu wanakitukana, wengine wanakirushia mawe. Hata yeye angefika mahali akasema haya piteni, mkafe. Aliposema neno hilo akajiziba mdomo, akaomba radhi. Breki akadakia kwamba mbona inawezekana, mashine za siku hizi zinajifunza, labda hiyo imejifunza hasira za watu wa Lipembe. Na kama imejifunza hasira, akasema, basi itakuwa inachagua nani wa kumwashia ipi.

Siku nyingine Praygod angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Siku hiyo alitazama barabara ya kushoto.

Sasa ikawa zamu ya Katekista. Akauliza polepole, kama anavyowauliza watoto wa kipaimara, hicho kisanduku kinajuaje hesabu, nani alikifundisha, na kwa lugha gani.

Praygod akajibu, na ukweli ni kwamba alikuwa anajibu ili ajitulize. Alisema yeye aliandika hesabu zote kwenye kompyuta yake, kwa lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu, lugha laini, unaandika karibu kama kwenye daftari na yenyewe inakusamehe mengi. Ila kisanduku ni kidogo, chipu yake ni ya bei ya chini, lugha hiyo hakiijui. Kinaijua C, lugha kongwe, kavu, haina msamaha. Kwa hiyo kuna programu nyingine inayochukua maandishi ya hesabu na kuyatafsiri yote kuwa C, dakika mbili tu, kisha unayapakia kwenye chipu. Kilichoko pale mtoni si alichoandika yeye. Ni tafsiri.

— Na hiyo tafsiri uliisoma? Katekista akauliza.

— Ina kurasa nyingi, mzee. Na imeandikwa na mashine.

— Mimi nilikuwa mkalimani wa padri mzungu miaka kumi na mmoja, Mapera na vigango vyake vyote. Yeye anahubiri Kiswahili chake, mimi nageuza Kimatengo. Watu walinisifu, Adolf anafasiri haraka kuliko padri anavyosema. Unajua kwa nini nilikuwa haraka?

Akanywa funda moja la kahawa.

— Nilikuwa naacha. Padri akisema jambo halafu aweke tahadhari mwishoni, nyie lakini msizidishe, nyie lakini si wakati wa Kwaresima, ile lakini yake naiacha. Inarefusha. Na watu walielewa vizuri tu, mpaka siku walipofanya kile alichowakataza.

Kuna kitu kilikuwa kimemgusa Praygod begani na yeye hataki kugeuka kukiangalia.

Breki, ambaye havumilii mwingine amalize hadithi nzuri, akaingia na yake. Alikuwa akiendesha basi moja bovu, mita yake ya kilometa ina tarakimu tano. Siku moja anapanda milima ya kutoka ziwani na magunia ya dagaa wa usipa juu ya keria, anaangalia mita, inasoma tisini na tisa elfu mia tisa tisini na tisa. Akamwambia kondakta aje ashuhudie. Ikageuka. Sifuri, sifuri, sifuri, zote tano.

— Gari limechoka, linavuja kila mahali, na mita inasema limetoka kiwandani leo. Tajiri akataka kuliuza kama jipya. Kwa hiyo mimi nasema, Injinia, labda taa yako haijaona maji yamepungua. Labda yamezidi mpaka imezunguka.

Mama Mwanabibi akacheka, akasema hiyo sasa ndiyo ya mwisho, Breki arudishiwe hela yake aende kulala. Katekista naye akatingisha kichwa. Katika zote zilizosemwa, hiyo ndiyo waliiona ya kijinga kuliko zote.

Praygod alikuwa ameshafungua begi. Akaweka kompyuta magotini, akaikinga na koti. Akafungua maandishi yake ya hesabu, akaipa programu maji ya mapajani, akaipa mwendo mkali. Ikazidisha. Jibu lilipaswa kuwa mia mbili na sitini. Ile lugha laini ikamwambia mia mbili hamsini na tano, kwa sababu ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye nafasi aliyoipa, na ikifika hapo inagota, haipandi tena. Nyekundu. Akashusha pumzi ndefu. Nyekundu, jamani, akasema kwa sauti, ni nyekundu, programu iko sawa.

Furaha hiyo haikufika hata dakika. Ile iliyoko magotini siyo iliyoko mtoni.

Akakumbuka Jumatano ile ya mwezi wa kumi. Uzinduzi wa taa ulikuwa kesho yake, mgeni rasmi ameshathibitisha, maturubai yameshakodiwa, na tafsiri haienei kwenye chipu. Imezidi kidogo tu. Akapekua mipangilio ya ile programu ya kutafsiri akitafuta cha kupunguza. Palikuwa na mahali penye tiki: namba ikifurika, igote juu. Ile tiki ndiyo iliyokuwa inaongeza mistari, maana kila penye hesabu mashine iliweka mlinzi wa kuangalia kama imefurika. Akajiuliza itafurika lini. Alikuwa amepima na ndoo na pampu, namba ya juu kabisa aliyoiona ilikuwa mia na ishirini. Lumbwisa ya kufika mia mbili hamsini na sita nani aliwahi kuiona? Akaitoa tiki. Ikaenea, tena ikabaki nafasi. Akaenda kulala akijisifu.

Sasa akafungua lile faili la C, akaufuata mstari wa kuzidisha kwa kidole kwenye kioo. Ulikuwa mfupi, msafi, hauna mlinzi. Mia mbili hamsini na tano, halafu sifuri. Mia mbili na sitini, hapo inasoma nne. Nne ni kiangazi. Nne ni kuvuka na soksi.

Kijani.

Basi hofu ilimshika Praygod kama inavyomshika mtoto, masikio yakaziba, akaona midomo ya Breki inacheza na asisikie neno. Akachukua simu, akampigia Careen. Mtumiaji unayempigia hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Akampigia mwenyekiti wa kijiji, hapatikani. Akamwomba Mama Mwanabibi ampigie mdogo wake, naye hapatikani. Kule mnara ukikosa umeme wa jua siku mbili ndio hivyo. Na bado hakuwaambia. Hiyo ndiyo iliyomtesa baadaye, kwamba zilipita kama dakika nne nzima yeye anajua na amekaa kwenye benchi, anafikiria watamwonaje.

Aliyemtoa hapo ni Breki, na wala hakujua anamtoa.

— Halafu kitu kimoja mimi sikielewi. Ukingoni walikuwa wamejazana, si ndiyo? Kijani ikawaka saa nane na nusu, wakashangilia, wakavuka. Kutoka drifti mpaka hapa ni dakika ishirini kwa miguu. Mimi nimekaa naangalia barabara hii tangu saa saba.

Akaonyesha mkono wa kushoto.

— Hajapita hata mmoja.

Wote wanne wakaiangalia barabara. Maji mekundu yalikuwa yanatiririka katikati yake. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na baiskeli, hata kuku hapakuwa. Mama Mwanabibi akainama kupunguza moto wa jiko, kisha akasahau alichoinamia.

— Taa inadanganya, Praygod akasema.

Breki akamwambia ndicho wanachosema wao tangu mwanzo.

— Hapana, mzee. Haijaharibika. Hakuna aliyeigusa na haijaingia maji. Inafanya nilichoiambia. Ni kama mita yako. Maji yamezidi, imezunguka, inaona mto mkavu. Kulikuwa na kinga, niliitoa mimi kwa mkono wangu ili niwahi sherehe.

Breki alimwangalia yule kijana kwa huruma ambayo Praygod alitamani ingekuwa tusi. Katekista alikuwa ameshika rozari ndani ya mfuko wa koti, vidole vinaonekana vinasogea.

— Mkwe. Careen anajua kwamba ile taa inaweza kukosea?

Lilikuwa swali jepesi, na Praygod alishindwa kulijibu akiwa amemwangalia mzee usoni. Akatazama chini. Akasema Careen ndiye anayewaambia wanafunzi wake wote, kila anayeogopa kuvuka, kwamba taa ya mume wangu haikosei, huyo mtu hata chumvi kwenye mboga anaipima mara mbili.

Breki akanyanyuka. Akasema pikapu iko nyuma ya mashine ya kusaga, anaileta, waende mpaka itakapokwama, itakapokwama washuke wakimbie. Akamwagiza Mama Mwanabibi awaite vijana wowote wenye kamba. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alisema maneno machache na akaondoka kuyatekeleza. Praygod akaiacha kompyuta wazi juu ya benchi, mvua inairukia, hakuijali. Aliwaza tu maji ya mapajani. Careen si mrefu. Kwa Careen mapajani mwa mtu mwingine ni kiunoni.

Ndipo wakasikia pikipiki.

Ilitokea upande wa kushoto. Inaunguruma, inateleza, imepakwa tope mpaka kwenye taa. Praygod aliitambua kabla haijafika, ni ya Rodrick, bodaboda anayemleta Careen kila Ijumaa. Moyo ukaruka juu kwa furaha. Akashuka kibarazani akaingia mvuani, akaangalia nyuma ya dereva.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Rodrick akazima pikipiki, akaivuta chini ya bati, akawaamkia wazee shikamooni kama alivyolelewa, meno yanagongana. Alikuwa amelowa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu, mtu aliyemaliza safari ndefu na anajua kwamba lililobaki ni kukaa. Akamwomba Mama Mwanabibi kikombe. Akaanza kueleza kabla hajaulizwa, huku anajikamua shati. Alisema yeye drifti leo imemshinda. Taa ilikuwa kijani ndiyo, ila akiweka mguu alisikia mawe yanagongana chini ya maji, akasema na pikipiki ya mkopo hapiti hapo. Mwalimu alimcheka. Akamwambia taa inasema kijani, wewe Rodrick unajua hesabu kuliko taa? Akamwambia azunguke na pikipiki yake kwa daraja la magogo, yeye atavuka kwa miguu na wenzake, walikuwa wameshaanza kushikana mikono kupanga mstari. Rodrick hakungoja kuona. Njia ya juu ni mbaya, imemchukua saa nzima na robo, ameanguka mara mbili.

— Kaniambia nitamkuta hapa, na kahawa yangu atakuwa ameshailipia, Rodrick akasema.

Akapokea kikombe. Akaangalia benchi la kwanza, akaangalia la pili, akachungulia nyuma ya Katekista kama vile mtu anaweza kujificha pale.

— Sasa mwalimu kafika saa ngapi?

Nyuma ya mashine ya kusaga pikapu ya Breki ilikuwa inakataa kuwaka, inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Mama Mwanabibi aligeuza uso. Katekista akaitoa rozari mfukoni.

Rodrick akamgeukia Praygod pale mvuani. Bado alikuwa anatabasamu kidogo.

— Au keshapanda basi, kaka?